Utafiti wa Kifafa Haujakamilika Mpaka Umrudie Mgonjwa kwa Lugha Yake

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa anayejificha. Lakini yako maradhi ambayo si mgonjwa anayeyaficha, bali ni jamii inayomficha mgonjwa. Humtoa shuleni, humtengea sahani na kikombe chake, humkosesha mchumba, na humsukuma chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi. Maradhi hayo ni kifafa. La kusikitisha zaidi ni kwamba yangali yanafichwa ilhali dawa yake imekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Dawa iitwayo fenobabitoni ilianza kutumiwa kuzuia kifafa huko Ujerumani mwaka 1912. Ni kidonge kidogo, cha bei nafuu, na hata leo ndicho tegemeo la wagonjwa wengi barani Afrika. Tangu wakati huo zimepatikana dawa nyingine kadha wa kadha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba karibu 80 katika kila 100 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linasema kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangetambuliwa vyema na kupewa dawa ifaayo. Hata hivyo, katika nchi maskini, takriban robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji.

Basi hatuna budi kujiuliza: kati ya kidonge na mgonjwa pana nini? Hapana shaka pana umaskini, pana umbali wa zahanati, na pana uhaba wa madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Vizuizi hivyo vimeandikiwa sana. Kipo kizuizi kimoja, hata hivyo, ambacho hutajwa kwa nadra, nacho ni lugha. Hicho ndicho ninachokusudia kukijadili hapa.

Kabla ya kukosoa, haki na itendeke. Nchi hii ina deni kubwa kwa mashirika yasiyotafuta faida ambayo yaliushika mkono wa mwenye kifafa wakati wengi walipokuwa wakimkimbia. Tangu mwaka 1982 shirika la KAWE limekuwa likiwatetea wenye kifafa na kuwasaidia kupata matibabu. Nako Kilifi, tangu mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza. Wakfu huo ulianzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, tajiri aliyejipatia mali kwa kutengeneza dawa. Kituo cha Kilifi kimesifika kwa utafiti wa malaria, lakini ni malaria hiyo hiyo iliyowaelekeza watafiti kwenye ubongo. Waligundua kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria kali, ile iliyopanda kichwani, walikuja kupata kifafa baadaye.

Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uliofanywa katika sehemu tano za Afrika: Kilifi hapa Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana, na Agincourt nchini Afrika Kusini. Utafiti huo ulionyesha kwamba kifafa barani mwetu kimeandamana na mambo ambayo mengi yaweza kuzuiwa, kama vile matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, na vimelea wa aina mbalimbali, wakiwamo minyoo ya nguruwe na wale wanaoenezwa na nzi wa usubi. Msomaji na atafakari uzito wa jambo hili. Ina maana kwamba mkunga hodari, choo safi na nyama iliyokaguliwa ni sehemu ya kinga ya kifafa. Ina maana pia kwamba jirani aliyetuhumiwa uchawi hana hatia.

Je, habari njema kama hii ilichapishwa wapi? Ilichapishwa katika majarida ya kitaalamu ya ng'ambo, kwa Kiingereza ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma huku amekunja uso. Mama wa kijijini aliyejibu maswali kwa saa nzima, na ambaye mwanawe alitolewa damu, hana njia ya kuyafikia majarida hayo. Ni kweli kwamba watafiti wa Kilifi wamejitahidi kuzungumza na wenyeji kupitia mikutano na wawakilishi wa jamii, na jitihada hiyo yastahili sifa. Lakini jambo jema linalotegemea hiari ya mtafiti si sawa na jambo linalodaiwa na kanuni. Kwa watafiti wengi, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha siku makala inapokubaliwa na jarida.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na tuanze na jina lenyewe. Neno kifafa lina kiambishi ki- na kinachoonekana kuwa mzizi wa kufa uliorudiwa mara mbili. Msikilizaji wa Kiswahili hulisikia kama kufa kidogo kidogo, au kufa na kurudi. Jina hilo linaeleza linaloonekana kwa macho: mtu huanguka, hukakamaa, kisha huzinduka. Halisemi kitu juu ya chanzo. Pengo hilo la chanzo ndilo lililojazwa na hadithi za pepo, laana na uchawi. Vivyo hivyo mtukutiko wa mtoto mwenye homa huitwa dege au degedege, na miongoni mwa Wamijikenda huitwa nyuni. Majina yote hayo yanamtaja ndege, na hadithi yake yafahamika pwani nzima: ndege mbaya apitaye juu ya nyumba usiku na kumwathiri mtoto mchanga.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya maneno matupu. Katika wilaya ya Bagamoyo, Tanzania, watafiti wa miaka ya 1990 waliona kwamba degedege kwa wenyeji lilikuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria. Kwa sababu hiyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, na baadhi ya wazazi waliamini kwamba sindano ingemuua mtoto mwenye degedege. Mzazi huyo hakuwa mjinga. Alikuwa akifuata mantiki ya jina alilorithi, kwani kama ugonjwa umeletwa na ndege, sindano itafaa nini? Mhudumu wa afya aliyefika na neno malaria pekee alikuwa akizungumzia ugonjwa mwingine kabisa katika masikio ya mzazi huyo.

Ziko nchi zilizoamua kubadilisha majina. Nchini Korea Kusini jina la zamani la kifafa lilikuwa na harufu ya wazimu, na katika miaka ya karibu na 2010 wataalamu walilibadilisha kwa jina jipya linalotaja ubongo na umeme. Nchini Malaysia watu walikuwa wakiuita ugonjwa huo wazimu wa nguruwe, tusi zito katika jamii ya Waislamu, na mahali pake pakawekwa neno epilepsi. Je, nasi tufanye vivyo hivyo?

Kwa maoni yangu, la. Neno kifafa halimtusi mtu, na linajulikana kutoka Lamu hadi Kigoma. Kulitupa na kuleta neno la kigeni kutamwongezea mgonjwa mzigo wa neno asilolijua. Linalohitaji kubadilishwa ni matumizi yake. Ngeli zetu ni shahidi: mtu yumo katika ngeli ya A-WA, ilhali kifafa kimo katika ngeli ya KI-VI. Tunaposema "yule kifafa" tunamtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu. Tuseme mwenye kifafa, au mtu aishiye na kifafa. Pia jina la zamani lijazwe maana mpya. Kila linapotajwa liandamane na sentensi moja nyepesi: kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hakiambukizi, na kinatibika.

Tuingie sasa katika chumba cha daktari, mahali ambapo neno moja laweza kuponya au kuangamiza. Kwa miaka mingi tumefundishwa, na kwa haki, kumaliza dawa za malaria na za vijidudu. Mgonjwa wa kifafa anapopewa chupa ya vidonge na kuambiwa "tumia dawa hizi vizuri, umalize," anaelewa nini? Anaelewa kwamba chupa ikiisha, ugonjwa nao umekwisha. Kumbe dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa miaka, na kuiacha ghafla kwaweza kuleta mitukutiko mikali kuliko ya awali, hata kuhatarisha maisha. Akianguka tena, jamaa husema dawa ya hospitali imeshindwa, na safari ya kwenda kwa mganga huanza upya.

Kiswahili si lugha maskini katika jambo hili. Kinatofautisha kutibu na kuponya, kupata nafuu na kupona, kutuliza na kukomesha. Daktari anayejua tofauti hizo angesema: "Dawa hii haikiondoi kifafa, inakizuia, kama pazia lizuiavyo jua. Ukiliondoa pazia, jua litaingia. Usiache mpaka tukubaliane mimi nawe." Maneno hayo hayagharimu hata senti moja. Lakini daktari wetu amesomeshwa kwa Kiingereza toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na hapana mtihani unaopima kama anaweza kumweleza ajuza wa Magarini ugonjwa wake.

Hata huduma ya kwanza ni suala la maelezo. Wapo wanaomtia mgonjwa kijiko kinywani ili asijiume ulimi, na wapo wanaomkimbia kwa kuogopa povu lake. Wa kwanza humvunja meno au kumziba pumzi. Wa pili humwacha aungue motoni au azame mtoni. Lifaalo ni jepesi: ondoa vitu vya hatari karibu naye, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, usimkandamize, na mtukutiko ukipita dakika tano mpeleke hospitali. Povu ni mate tu. Sentensi chache hizi zingestahili kubandikwa katika kila darasa na kila matatu ya nchi hii.

Utafiti wenyewe nao una mitego yake ya lugha. Katika Kiswahili, daktari humchunguza mgonjwa ili amtibu, na mwanasayansi huchunguza jambo ili alielewe. Kitenzi ni kimoja, makusudi ni mawili. Mtu akiambiwa "tunataka kukuchunguza," ana haki ya kutarajia matibabu, na asipoyapata atajiona amedanganywa. Tena, wagonjwa wanapogawanywa katika makundi bila upendeleo, fomu hutuambia kwamba mgawanyo huo ni wa bahati nasibu. Kwa Mswahili wa kawaida bahati nasibu ni mchezo wa kubahatisha fedha, na kwa Muislamu yaweza kumkumbusha kamari iliyoharamishwa. Je, tushangae anapokataa kutia sahihi? Kumbukumbu ya mumiani, yule anayesemwa kunyonya damu za watu, ingalipo pwani. Damu inapochukuliwa bila maelezo yanayoeleweka, hadithi hiyo hupata mwili na miguu. Uvumi hauzaliwi na ujinga peke yake; huzaliwa na ukimya.

Najua atakuwapo msomaji atakayesema kwamba mwanaisimu huona kila tatizo kuwa la lugha, kama seremala mwenye nyundo aonaye kila kitu kuwa msumari. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana Kilifi kwenyewe. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambamo mamia ya wenye kifafa na jamaa zao waligawanywa katika makundi mawili, kundi moja likapewa mafunzo juu ya ugonjwa huo. Waliofunzwa walipunguza imani za kishirikina na dhana potofu. Lakini damu ilipopimwa, haikuonekana kwamba walikuwa wamezidi wenzao kwa kiasi cha kutosha katika kumeza dawa. Naam, elimu ilibadilisha fikra, lakini haikujaza chupa tupu wala haikulipa nauli ya kwenda zahanati.

Fundisho lake ni kwamba neno bila dawa ni ahadi hewa, na dawa bila neno ni mbegu juu ya mwamba. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ndiyo maana haifai kuyaachia mashirika ya hisani mzigo wote. Ruzuku ya utafiti ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, lakini kifafa hakina. Mwaka 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa, ulimwengu mzima ulijionea jinsi mfereji uliotegemewa kwa miongo mingi unavyoweza kukauka kwa amri ya mtu mmoja aliye mbali. Huduma za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013. Kaunti inayoshindwa kununua dawa iliyoanza kutumiwa mwaka 1912 haina udhuru wa kuelekeza kidole ng'ambo.

Mwaka 2022 mkutano mkuu wa afya duniani uliidhinisha mpango wa utekelezaji kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu, utakaofikia mwaka 2031. Mpango huo una shabaha tatu ambazo ni rahisi kukumbuka: 90, 80 na 70. Wagonjwa 90 katika kila 100 wajue kwamba walicho nacho ni ugonjwa wa ubongo unaotibika. 80 wapate dawa wanayoweza kuimudu. Na 70 miongoni mwa wanaotibiwa waweze kudhibiti mitukutiko. Zingatia mpangilio huo. Shabaha ya kwanza na iliyo kubwa kuliko zote si kidonge wala mashine. Ni ujuzi, na ujuzi hauna chombo kingine cha kusafiria ila lugha.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kamati zinazoidhinisha utafiti nchini zisikubali mradi wowote ambao haukutenga fedha, tangu mwanzo, za kuyarudisha matokeo kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, iwe Kigiriama, Kiduruma au Kipokomo. Urejeshaji huo uwe kwa redio, kwa baraza la chifu, na kwa kijitabu chepesi, wala usiwe ripoti ya kufungiwa kabatini. Wafadhili wasiotafuta faida ya fedha hawatakosa kuiona faida hii.

Pili, vyuo vikuu vyetu viondoe ukuta uliopo kati ya idara za Kiswahili na shule za utabibu. Mwanafunzi wa udaktari asihitimu kabla hajapimwa uwezo wa kueleza kwa Kiswahili fasaha magonjwa makuu ya nchi hii. Wanaisimu nao wakae meza moja na wauguzi, waganga wa kienyeji na wagonjwa wenyewe, watunge na kujaribu istilahi zinazoeleweka. Kazi hiyo isiishie kwenye kifafa. Kiharusi tumekipa jina, lakini mzee anayetetemeka mikono kwa maradhi ya Parkinson, au bibi aliyepotewa na kumbukumbu hata asiwatambue wanawe, hana jina zuri la kujitetea nalo, na mara nyingi husemwa kuwa amerogwa au ndiye mchawi.

Tatu, kila kaunti ihakikishe kwamba dawa za kifafa hazikosekani katika zahanati zake, na kwamba wahudumu wa afya ya jamii wanazijua zile sentensi chache za huduma ya kwanza.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo inampa kila mwananchi haki ya kupata habari na haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizo si visiwa vitatu vilivyotengana. Mtu hawezi kuifikia afya ambayo habari zake zimefungwa katika lugha asiyoijua. Watafiti wamefanya kazi kubwa ya kukijua kifafa. Iliyobaki ni kumjulisha mwenye kifafa, kwani mwili uliochunguzwa ni wake, na damu iliyopimwa ni yake.